Chumba Kabla ya Chombo: Kuanzisha na Kukuza Podikasti ya Mfanyabiashara

Mada iliyosomwa mbele ya semina ya wafanyabiashara wadogo na wa kati, Unguja Mjini

1. Utangulizi



Waandalizi wa semina hii wamenitaka niseme mambo matatu, nayo ni maana ya podikasti, njia ya kuianzisha, na njia ya kuikuza hata ilete faida katika biashara. Nami nimeipokea kazi hiyo kwa taadhima na shukrani. Lakini kwa kuwa mimi ni fundi wa sauti, niliyeingia katika vyumba vya redio tangu zama za utepe wa sumaku, na kwa miaka kumi iliyopita nimekuwa nikiitwa katika maduka, ofisi na majumba ya wenye biashara ili nitengeneze yaliyoharibika, naona ni wajibu wangu kukiri mapema kwamba mambo hayo nitayapitia kwa haraka, na kwamba nitakaa kwa muda mrefu juu ya jambo moja ambalo halikutajwa katika barua ya mwaliko. Jambo hilo ni mwangwi wa chumba. Kwa ushahidi wa masikio yangu mwenyewe, limeua podikasti nyingi za wafanyabiashara ambazo hazikupungukiwa na fedha, wala maneno, wala nia.

2. Maana ya maneno

Podikasti ni mfululizo wa vipindi vya sauti vinavyowekwa mtandaoni, ili msikilizaji avichukue na kuvisikiliza kwa wakati wake na mahali pake. Neno lenyewe hunasibishwa na Ben Hammersley, aliyeliandika mwaka 2004 katika gazeti la The Guardian la Uingereza. Na mwezi Juni mwaka 2005 kampuni ya Apple ikaziingiza podikasti katika programu yake ya iTunes. Kipindi hutunzwa katika seva, anwani yake huandikwa katika orodha iitwayo mlisho wa RSS, na programu za kusikilizia, kama Apple Podcasts na Spotify, huusoma mlisho huo na kumfikishia msikilizaji kila kilicho kipya.

Mwenye kuanza huchagua mada, jina, picha, urefu wa kipindi na siku ya kukitoa. Haya mnayajua, na asiyeyajua ataonyeshwa na kijana wa nyumbani kwake katika muda wa kunywa kahawa. Kwa hiyo sitayarefusha.

3. Mfanyabiashara anatafuta nini

Watu wa pwani hii wamezoea kuiamini sauti inayoingia nyumbani. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilipoanza tarehe 27 Juni 1957, wazee wetu walikaa barazani kuizunguka redio moja, na aliyesema humo, ijapokuwa hawakupata kumwona uso, akawa kama mtu wa mtaa. Uaminifu wa namna hiyo ndio mtaji anaoutafuta mfanyabiashara katika podikasti, maana mnunuzi aliyekusikiliza nusu saa kila wiki, ukimfundisha kitu chenye manufaa bila ya kumsukuma, hufika dukani kwako akiwa amekwisha kukujua.

Maadamu uaminifu ndio kusudi, podikasti ya muuza viungo isiwe tangazo la viungo vyake. Afadhali afundishe namna ya kuitambua pilipili manga iliyochanganywa na mbegu za papai, kwa nini iliki iliyokwisha kusagwa hupoteza harufu upesi, na mdalasini utunzwe wapi wakati wa masika. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Hapo ndipo waandishi wengi wa habari hizi huishia. Lakini huyo muuza viungo akisema maneno hayo mazuri katika chumba kibaya, hapana atakayemsikiliza hata mwisho.

4. Mwangwi

4.1 Asili yake

Sauti husafiri hewani mwendo wa takriban mita 340 kwa sekunde. Mtu akisema katika chumba chenye urefu wa mita 4, sauti yake huugonga ukuta wa mbele na kumrudia kwa muda usiofika theluthi moja ya sehemu ya kumi ya sekunde. Kisha huenda nyuma, juu, chini na ubavuni, ikarudi tena na tena, kila safari ikipungua kidogo, hata neno la pili linapotoka mdomoni neno la kwanza bado linazunguka. Sisi tuliomo chumbani hatuoni taabu, kwa kuwa Mwenyezi Mungu ametupa masikio mawili na akili ya kumchagua msemaji katikati ya vurugu hiyo. Maikrofoni ni sikio moja lisilo na akili. Hupokea neno pamoja na marejeo yake yote, huyachanganya katika uzi mmoja, na yakishachanganywa ni vigumu kwa programu ya kompyuta kuyatenga tena bila ya kulijeruhi neno lenyewe.

Majumba yetu yanazidisha taabu hiyo. Nyumba za Mji Mkongwe zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na upana wa vyumba vyake ulipimwa kwa urefu wa boriti za mikoko zilizobeba sakafu ya juu, ndiyo maana vyumba vingi ni virefu na vyembamba. Ukuta mnene wa namna hiyo huzuia vizuri makelele ya njiani, na kwa jambo hilo wajenzi wa zamani wanastahiki sifa. Lakini kuta mbili ndefu zinazotazamana kwa karibu hurushiana sauti kama wachezaji wawili wanaorushiana mpira, na kinachosikika ni mtetemo wa haraka unaofuata kila silabi. Nyumba mpya za Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, nazo zina vigae sakafuni, plasta ukutani, jipsamu darini na vioo madirishani, vitu ambavyo vyote huikataa sauti na kuirudisha ilikotoka.

4.2 Ilmu ya jambo hili si ya jana

Mwaka 1895, Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani kilimtaka mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Clement Sabine, atafute dawa ya ukumbi mmoja wa mihadhara katika jumba la makumbusho la Fogg, ambamo neno liliendelea kuvuma kwa kiasi cha sekunde 5 na nusu baada ya kutamkwa, hata wanafunzi wasiweze kumfahamu mwalimu. Sabine alifanya kazi usiku, mji ulipotulia, akiwa na neli ya kinanda ya kutoa sauti, saa ya kupimia na masikio yake. Akachukua mito ya viti kutoka ukumbi mwingine wa chuo, akaiingiza kidogo kidogo, na kila alipoiongeza alipima muda wa mvumo uliobaki. Kutokana na mito hiyo alipata kanuni inayotumika hadi leo: mvumo huongezeka kwa kadiri ya ukubwa wa chumba, na hupungua kwa kadiri ya vitu laini na vinene vilivyomo.

Kwa kanuni hiyo, chumba cha mita 4 kwa 3, chenye kimo cha mita 3, plasta ukutani na vigae sakafuni, kikiwa kitupu huvuma kwa muda unaokaribia sekunde 3. Kikitiwa mita za mraba 10 za magodoro, muda huo hushuka chini ya sekunde 1. Nawaomba muizingatie nukta hii, kwa sababu aliyeigundua hakununua chombo chochote cha kunasia, alibeba mito.

4.3 Niliyoyaona kwa mama mmoja muuza viungo

Mama mmoja, ambaye amenipa idhini ya kusimulia habari yake bila ya kumtaja, aliniita nyumbani kwake baada ya kutoa vipindi vinne. Wateja wake walimwambia kwa adabu kwamba vipindi ni vizuri, ila wanamsikia kama mtu aliyemo birikani. Alikuwa amenunua maikrofoni ya kondensa ya bei kubwa, akaiweka juu ya meza katika chumba cha ghorofani, yeye akakaa kiasi cha mita moja mbali nayo, na pangaboi likizunguka juu yao wote wawili.

"Mwalimu," akaniambia, "chombo hiki nimekinunua kwa faida ya Ramadhani nzima. Mbona kinanitia aibu?"

"Chombo chako hakina kosa, mama," nikamjibu. "Nipe ruhusa nipige kofi moja."

Nikasimama katikati ya chumba, nikapiga kofi kwa nguvu. Baada ya kofi ulifuata mlio mwembamba, mkavu, kama karanga zinazomwagwa juu ya sinia, ukachelewa kufa. Nikamwomba apige yeye, akapiga, akaisikia kwa mara ya kwanza sauti ya chumba alichokaa miaka ishirini. Hapo tulishuka katika ghala yake ya chini, isiyokuwa na dirisha la njiani, ambamo magunia ya viungo yalipangwa hata karibu na dari katika pande tatu. Nikapiga kofi. Likasikika kofi peke yake.

Tukahamishia meza huko. Upande wa nne tukasimamisha godoro la usufi, sakafuni tukatandika zulia kuukuu, na mahali pa maikrofoni ya kondensa, ambayo husikia hata kunguru wa paa la jirani, tukatumia maikrofoni ya dainamiki ya kawaida, ya aina waliyozoea waimbaji jukwaani, aliyoiazima kwa mpwa wake. Kipindi cha tano kilitoka ghalani humo kwa gharama ya nauli ya hamali. Wateja walidhani amekodi studio.

4.4 Masafa ya mdomo

Jambo jingine lililomsaidia mama yule ni masafa. Mdomo ukikaribia maikrofoni kwa nusu ya umbali wa awali, sauti ya moja kwa moja huongezeka kwa takriban desibeli 6, ilhali mwangwi wa chumba hubaki vile vile. Kwa hiyo aliyetoka mita moja akakaa shibiri moja amepata bure manufaa ambayo pesa nyingi zisingempa. Aiweke maikrofoni kando kidogo ya pumzi yake, ili herufi za p na b zisipige kishindo, naye asiache kukaa hapo.

4.5 Kwa nini mwangwi ni hasara ya biashara

Huenda baadhi yenu mnasema moyoni kwamba hii ni takalifu ya mafundi, na kwamba msikilizaji wa kawaida hajali. Nawaomba mkumbuke anasikilizia wapi. Anasikiliza ndani ya daladala, jikoni mafuta yakichemka, au kwa spika ndogo ya simu ya bei rahisi. Tena analipa bando. Kipindi cha dakika 30 kikihifadhiwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde kina uzito wa karibu megabaiti 29. Kwa kilobiti 64, njia moja ya sauti, hushuka hadi karibu megabaiti 14. Huruma kwa mfuko wa msikilizaji yatutaka tutumie uzito mdogo. Lakini sauti yenye mwangwi haikubali kubanwa, kwa sababu mashine ya kubana hushughulika kuuhifadhi mvumo usio na faida na kuyapunja maneno yenye faida. Kipindi kisafi cha megabaiti 14 husikika vyema kuliko kichafu cha megabaiti 29. Mwenye chumba kibaya humlipisha mteja wake mara mbili, kwa bando na kwa taabu, na mteja huyo haandiki barua ya malalamiko, huzima.

4.6 Malalamiko ambayo sina budi kuyasema

Naheshimu taasisi zinazotusaidia, wala sikusudii kuilaumu yoyote. Hata hivyo, kwa miaka saba nimependekeza katika vikao mbalimbali kwamba kila mafunzo ya podikasti yaanze kwa siku moja ya chumba kabla ya siku ya vyombo, na kila mara pendekezo hilo limeandikwa katika kumbukumbu za kikao, likashukuriwa, kisha zikagawiwa maikrofoni. Nimealikwa kukagua vyumba vya kurekodia vilivyokwisha kujengwa na kuzinduliwa, vyenye vigae vinavyong'aa na kioo kikubwa ukuta mzima, ambamo trei za mayai zimegandishwa ukutani kwa imani kwamba ndizo dawa, ilhali karatasi nyepesi ya namna hiyo hugusa sehemu ndogo tu ya sauti nyembamba na kuuachia mvumo mzito upite utakavyo. Nimetoa ripoti, nikaambiwa bajeti imekwisha. Ninalosema ni kwamba bajeti hiyo ingeanzia kwenye magodoro, isingekwisha.

5. Kukuza podikasti

Aliyekwisha kusafisha sauti yake na akuze podikasti kwa mambo manne. La kwanza ni kudumu: kipindi kimoja kila baada ya wiki mbili, kwa siku ile ile, kina baraka kuliko vipindi vitano vya mwezi mmoja vikifuatiwa na kimya. La pili ni kumiliki mlisho wake. Google ilipoifunga programu yake ya Google Podcasts mwaka 2024, wenye milisho yao waliendelea kusikika katika programu nyingine, kwa kuwa msikilizaji aliweza kuhamia kwingine akaikuta podikasti ile ile. Basi duka lako lisisimame juu ya kiwanja cha mtu mmoja. La tatu ni kuwafuata watu walipo: katika vikundi vya WhatsApp peleka kipande cha dakika moja pamoja na anwani ya kipindi kizima, maana ukipeleka faili zima hutajua kamwe wangapi wamelisikiliza. La nne ni hesabu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Muulize kila mteja mpya amekujuaje, na jawabu liandikwe.

6. Sheria na haki za watu

Si kazi yangu kufasiri sheria, na katika mlango huu naomba maneno yangu yachukuliwe kuwa ni ukumbusho tu. Tanzania ina Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni tangu mwaka 2018, ambazo zilibadilishwa mwaka 2020 na kurekebishwa mwaka 2022. Mwenye kuanzisha podikasti aulize mapema kama yaliyomo katika vipindi vyake yanahitaji leseni, kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na hapa kwetu aulize pia Tume ya Utangazaji Zanzibar. Muziki wa mtu una mwenyewe. Kabla ya kuweka taarabu mwanzoni mwa kipindi, omba idhini na uulize COSOZA, inayosimamia hakimiliki hapa Zanzibar. Mgeni unayemhoji aambiwe kabla kwamba ananaswa na kwamba sauti yake itatumika katika biashara.

7. Mapendekezo

Kwa wafanyabiashara:

(1) Kabla ya kununua chombo chochote, piga kofi katika kila chumba ulicho nacho, na uchague kile ambacho kofi hufa upesi.
(2) Ghala ya vitambaa, ya magodoro au ya magunia ipewe nafasi ya kwanza. Ofisi ya kupokelea wageni ipewe ya mwisho.
(3) Kuta zinazotazamana, walau moja yake ifunikwe kwa godoro, pazia zito lenye mikunjo au zulia nene. Mkeka na kanga moja havitoshi.
(4) Trei za mayai zirudishwe kwa muuza mayai.
(5) Maikrofoni ya dainamiki itangulizwe kuliko ya kondensa, mpaka chumba kitakapokuwa tayari.
(6) Mdomo ukae shibiri moja kutoka maikrofoni, na usiondoke hapo.
(7) Pangaboi, kiyoyozi na jenereta vizimwe wakati wa kunasa. Mvua ikinyesha juu ya mabati, kazi iahirishwe.
(8) Nasa dakika moja ya majaribio, uisikilize kwa spika ya simu ya bei rahisi, ndani ya daladala, kabla ya kunasa kipindi kizima.
(9) Vipindi vitatu viwe tayari kabla ya kutoa cha kwanza.
(10) Ukubwa wa sauti ufikishwe LUFS -16, kipimo ambacho Apple hukipendekeza, ili msikilizaji asihangaike kuongeza na kupunguza.
(11) Kipindi cha mazungumzo kihifadhiwe kwa kilobiti 64, njia moja, kwa ajili ya bando la msikilizaji. Na ili kikubali uzito huo, chumba kisafishwe kwanza, kama ilivyosemwa katika (1) hadi (3).
(12) Mlisho uwe mali yako, na nywila yake isibaki kwa kijana wa mkataba.
(13) Fundisha kabla ya kuuza.
(14) Weka daftari la wateja waliotoka katika podikasti.

Kwa taasisi, mamlaka na wafadhili, kwa heshima zote:

(15) Kila mafunzo ya podikasti yawe na siku ya chumba kabla ya siku ya vyombo.
(16) Katika fedha za vifaa, fungu la kutuliza mwangwi litangulie fungu la maikrofoni.
(17) Majengo ya umma yenye ghala tupu yatengewe chumba kimoja cha kunasia sauti, kikodishwe kwa saa na kwa bei anayoiweza muuza duka.
(18) Fundi wa sauti aitwe wakati wa kuchora ramani ya chumba, na si baada ya kuzinduliwa.
(19) Masharti ya leseni yaandikwe kwa Kiswahili chepesi katika ukurasa mmoja, yabandikwe mahali wafanyabiashara wanapolipia kodi.
(20) Pendekezo la (15) litekelezwe kabla ya semina ijayo.

8. Hitimisho

Mheshimiwa Mwenyekiti, ukumbi huu tuliomo una sakafu ya vigae na madirisha ya kioo pande mbili, na tangu asubuhi nimewaona ndugu zetu wa safu za nyuma wakiegemeza mikono masikioni. Wamefunga safari kutoka Nungwi na Makunduchi kuja kujifunza, na maneno ya wazungumzaji wanne waliotangulia yamewafikia nusu nusu. Naomba idhini yako nipige kofi moja hapa, nanyi nyote mnyamaze mpaka litakapokwisha.

Hivyo ndivyo anavyotusikia mteja. Kila mmoja wetu atakaporejea kwake leo, kabla ya kufungua simu kutafuta bei ya maikrofoni, na asimame katikati ya chumba chake apige kofi, asikilize, kisha aende akatafute godoro.